Eka Moja na Nusu, Watoto Wanne: Tugawe, Tuhame au Tuliache Shamba Zima?

Baba alipofariki alimwacha mama, watoto wanne, na eka moja na nusu upande wa Chavakali, kaunti ya Vihiga. Kaka yetu mkubwa tayari alikuwa na simba yake, yaani nyumba ya mwana wa kiume, juu karibu na barabara, na mke na watoto ndani yake. Dada alikuwa amerudi nyumbani na wanawe wawili baada ya ndoa kuvunjika. Mimi nilikuwa Nakuru, chumba kimoja cha kupanga pale Kaptembwo. Kitindamimba alikuwa bado anasoma. Wiki moja baada ya mazishi, baba mdogo alituketisha chini ya mti wa avokado akatuuliza: shamba hili, wanangu, mnalifanyaje?

Majibu yalikuwa matatu. Kaka alitaka ligawanywe, kila mtu ajue mpaka wake. Mimi nilitaka tuuze, tununue eka nyingi zaidi kaunti ya Trans Nzoia. Dada alitaka libaki zima, alilime yeye na mama, sisi wengine tutafute maisha mjini. Tulibishana karibu miaka miwili. Kila mmoja alikuwa na hoja yenye uzito, na kila mmoja alikuwa na jambo asiloliona. Nayaweka hapa tuliyojifunza kwa sababu najua ziko familia nyingi Vihiga, Kakamega, Kisii na Nyamira zilizokwama pale pale.

Tumefikaje hapa

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 590,013 Vihiga, yaani 1,047 kwa kila kilomita mraba. Kakamega walikuwa 618. Wastani wa Kenya nzima ulikuwa 82. Na wale 1,047 wa Vihiga si watu wa ghorofani. Wengi wao wanategemea jembe.

Utasikia wazee wakisema vijana wa siku hizi wanazaa ovyo. Si kweli. Utafiti wa kitaifa wa mwishoni mwa miaka ya 1970 ulikuta mwanamke Mkenya akizaa wastani wa watoto 8. Ule wa 2022 ulikuta 3.4. Tumepunguza, tena sana. Ila waliozaliwa wakati wa wale wanane ndio wanaogawana mashamba leo, na watoto wao wanakaribia kuoa. Kuzaa wachache kunamsaidia mjukuu. Hakumpi nafasi mtu ambaye tayari amesimama uwanjani na panga mkononi akiuliza sehemu yake iko wapi.

Takwimu iliyonifungua macho ni nyingine. Kati ya sensa ya 2009 na ya 2019, watu wa Vihiga waliongezeka kwa kama asilimia 6 tu. Katika miaka hiyo hiyo kaunti ya Nakuru iliongezeka kwa karibu asilimia 35, ikafika 2,162,202, na Trans Nzoia kwa kama asilimia 21. Watu wetu wanaondoka. Kwa hiyo mnapokaa chini ya mti kujadili, jueni kwamba majirani wengi wameshachagua kimyakimya, mmoja mmoja, bila kikao.

Tulipimaje

Tulichukua mambo manne na kuyauliza kwa kila njia. Itatulisha na kutuletea pesa? Makaratasi yake yanagharimu nini? Tutaishi vipi na jamaa na majirani? Na la mwisho, ambalo sisi tulilisahau kwa mwaka mzima: itakuwaje watoto wetu wakifika umri wetu?

Njia ya kwanza: kugawa na kubaki

*Chakula na pesa.* Eka moja na nusu kwa watu wanne ni kama ploti tatu za futi hamsini kwa mia kwa kila mmoja. Ondoa nyumba, jiko, choo, njia ya kupita na makaburi, unabaki na kama robo eka ya kulima. Udongo wetu umelimwa bila kupumzika tangu enzi za babu, na umekuwa na asidi nyingi. Ukipanda mahindi bila mbolea wala chokaa unaweza kupata magunia manane kwa eka, yaani mawili kwa robo yako. Ukifanya kila kitu vizuri, ukapata ishirini kwa eka, robo inakupa matano. Mtu mmoja hula takriban gunia moja la kilo 90 kwa mwaka. Bahati yetu ni misimu miwili ya mvua, hata kama ule wa pili ni mdogo. Robo eka iliyotunzwa inaweza kulisha familia ya watu watano kwa kubanana. Karo hailipi.

Wanaofanikiwa kwenye vipande hivi ni wale walioyaacha mahindi, au waliyabakisha ya kuchoma tu. Jirani yetu mmoja ana kipande kidogo kuliko chetu. Amekigawa vitalu vya mboga za kienyeji, mrenda, managu, saga na kunde, anavuna kwa zamu, na mara mbili kwa wiki anapeleka sokoni Luanda. Mrenda unaanza kuchumwa baada ya wiki chache. Mahindi hayana mbio hizo. Ukiwa na kayongo shambani, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, ile njia iliyotokana na utafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita, ya kupanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, kati ya mistari ya mahindi na nyasi za Napier pembeni, inafaa sana kwa shamba dogo: desmodiamu inadhibiti kayongo, Napier inawavuta wadudu wa bua, na vyote viwili ni chakula cha mifugo. Lakini usidanganyike kuhusu ng'ombe wa gredi, yule wa maziwa. Anakula kilo 60 hadi 70 za majani mabichi kwa siku. Robo eka haimlishi; utakuwa ukinunua Napier kwa watu kila asubuhi. Mbuzi wa maziwa au kuku wa kienyeji ndio saizi ya kipande hicho.

Nina ombi moja hapa, na naliomba kwa moyo wote: msipande mikalitusi kwenye kipande kidogo chenye chemchemi karibu. Najua miti hiyo inauzika na haihitaji kazi. Chemchemi tuliyochotea maji utotoni leo inatoa matone wakati wa kiangazi, na juu yake kuna mikalitusi ya watu watano, kila mmoja akijisemea kwamba yake ni michache.

*Makaratasi.* Hati ikiwa bado ina jina la marehemu, hakuna mpima anayeweza kukusaidia kabla ya kesi ya mirathi kumalizika mahakamani. Ndipo inafuata idhini ya bodi ya ardhi, mpima, fomu ya mutesheni inayoonyesha shamba lilivyogawanywa, na hati mpya kwa kila mtu. Gharama hazipungui kwa sababu kipande ni kidogo, na njia ya kufikia vipande vya nyuma inakatwa kwenye ardhi hiyo hiyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 68, ililitaka Bunge liweke kipimo cha chini cha ardhi ya mtu binafsi, lakini muswada ulioandaliwa 2015 haukuwa sheria. Usingoje serikali ikuambie kwamba kipande chako kimekuwa kidogo mno.

Na hapa dada zetu. Sheria ya Urithi, inayotumika tangu 1981, haimtofautishi mtoto wa kiume na wa kike, awe ameolewa au hajaolewa. Kaka alipokuja na hesabu ya kugawa kwa watatu, dada alinyamaza. Mama ndiye aliyesema, "Mmehesabu vibaya, rudieni."

*Watu.* Faida ya kugawa ni kubwa: kila mtu ana bikoni zake, yaani alama za mpaka, ana mahali pa kuzikwa, hana wa kumwomba ruhusa ya kupanda mgomba. Hasara inaanzia mpakani: mtaro wa maji unaoelekezwa kwa jirani, kuku wanaovuka, kivuli cha mti. Liguru wetu, mzee wa kijiji, anasema kesi nyingi zinazofika kwake ni za futi mbili au tatu.

*Miaka 25 ijayo.* Ploti tatu, watoto watatu, ploti moja kwa kila mmoja. Hapo si shamba tena. Ni kijiji kisicho na maji wala mifereji ya maji taka, kinachonunua unga dukani.

*Inamfaa nani.* Mwenye kipato kingine kama kibarua cha kudumu, bodaboda, ualimu au duka, anayehitaji makao na mboga. Pia mtu mwenye mikono ya bustani na soko karibu. Na familia ambayo ugomvi umeshafika mahali ambapo ni mpaka tu utakaoleta amani. Mtu anayetarajia kuishi kwa mahindi asiichague.

Njia ya pili: kuuza na kuhamia kwingine

Hii ndiyo iliyokuwa yangu, na niliipigania kuliko ilivyostahili.

*Chakula na pesa.* Ardhi yetu ni ghali kwa sababu ni haba. Kipande kidogo karibu na lami Vihiga kinaweza kukununulia eka kadhaa mbali na barabara sehemu za Kwanza na Endebess kule Trans Nzoia, au Lugari. Hesabu hiyo inalevya. Nilichokuwa sijui ni kwamba Trans Nzoia mahindi ni msimu mmoja mrefu: unapanda Machi au Aprili, unavuna Oktoba au Novemba. Pesa inakuja mara moja kwa mwaka, tena wakati kila mtu anauza na bei iko chini. Aliyezoea misimu miwili na mboga za kila wiki hupata shida kubwa mwaka wa kwanza. Halafu eka tano hazilimwi kwa jembe la mke na mume. Unahitaji trekta, mbolea na vibarua kabla hujavuna hata debe. Kwa hiyo pesa yote ya kuuzia isiishie kwenye kununua. Bakisha ya kuendeshea shamba msimu mzima, na ya kula.

Ukiona eka za bei nafuu sana sehemu kavu za Rongai ya Nakuru au kule Laikipia, kwanza waulize wenyeji kuhusu mvua. Si ardhi mbaya. Ni ardhi ya mtama, mbuzi na nyuki, na mtu wa Vihiga anafika na mbegu za mahindi mkononi.

*Makaratasi.* Binamu yangu aliuza theluthi mbili ya sehemu yake akanunua eka mbili upande wa Nakuru kupitia dalali. Alichopewa kilikuwa cheti cha hisa cha zamani, si hati. Watu wengine wawili walikuwa na vyeti vya kipande hicho hicho. Leo anaishi kwa mkwewe. Hajapona moyoni, na mimi ndiye niliyemsindikiza kuhesabu zile noti.

Basi fanyeni hivi. Fanyeni sachi, yaani mkague rekodi za shamba, kwenye ofisi ya ardhi ya eneo lile, si kwa kuonyeshwa fotokopi. Mpima wenu wenyewe aone bikoni. Nendeni mkaulize majirani wa pande zote nne nani amekuwa akililima. Sheria inataka mauzo ya shamba la kilimo yapate idhini ya bodi ya ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Mke au mume wa muuzaji lazima aridhie. Wekeni kando ushuru wa stempu, asilimia 2 ya thamani kwa ardhi ya mashambani. Malipo yapite benki, mbele ya wakili.

*Watu.* Kuhama si jambo geni kwetu. Wamaragoli wenzetu walifika Lugari wakati wa mipango ya makazi baada ya uhuru, wengine walivuka hadi Kigumba, Uganda, na wapo mpaka leo wakizungumza lugha yao. Lakini Bonde la Ufa lina kumbukumbu nyingine pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu walifukuzwa kwenye mashamba waliyoyanunua kwa jasho. Katika ghasia za 2007 na 2008 zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Sisemi hivi kumtisha mtu. Nasema kwa sababu hati peke yake haikuwalinda. Anayehamia aende akaishi na watu: ajifunze lugha yao, aingie kwenye chama na kanisa la pale, azike na kuozesha pamoja nao. Anayenunua na kuweka uzio huku akiishi mbali, akifika siku za kuvuna tu, anabaki mgeni hata baada ya miaka ishirini.

Na kuna kaburi. Baba amelala upande wa chini, karibu na migomba. Mama aliuliza swali moja tu kuhusu wazo langu: "Mnunuzi ataotesha nini pale?" Sikuwa na jibu. Familia nyingi hukata kipande cha makaburi na nyumba ya mama kabla ya kuuza kilichobaki. Nadhani ndiyo namna pekee ya kuuza na bado mkaweza kurudi.

*Miaka 25 ijayo.* Ukipata eka tano na ukazaa watoto watatu, kila mmoja ana kama eka moja na theluthi mbili. Umewanunulia kizazi kimoja cha nafasi, na si jambo dogo. Lakini Trans Nzoia ilishafika watu 397 kwa kilomita mraba mwaka 2019. Huko nako hesabu inaenda.

*Inamfaa nani.* Wanandoa wenye nguvu, wanaopenda kilimo kweli, waliokubaliana wote wawili, wenye akiba ya msimu mmoja. Haimfai mama mjane wa miaka sitini kung'olewa na wanawe, wala mtu anayeuza ili alipe deni huku akisema ananunua kwingine. Pesa ya namna hiyo haifiki Kitale kule Trans Nzoia.

Njia ya tatu: kuliacha zima, wengine waende mjini

*Chakula na pesa.* Eka moja na nusu ikiwa chini ya mkono mmoja inafanya kazi ambayo vipande vinne haviwezi. Unaweza kuwa na chai ya kupeleka kiwandani Mudete, Napier ya ng'ombe mmoja na kitalu cha mboga, na samadi ikarudi shambani badala ya kuuzwa. Dada alipolishika, mwaka wa pili mama aliacha kununua mahindi.

Ila wale wanaotoka wanakwenda wapi? Mimi najua Kaptembwo. Ploti moja ina vyumba vingi na choo cha pamoja, na siku maji yakikosekana jerikeni inapanda bei. Maji ya visima vya Nakuru yana floridi nyingi. Utaona meno ya watoto yamebadilika rangi. Kisumu, mitaa ya Nyalenda na Manyatta, visima vifupi vimechimbwa karibu na vyoo vya shimo, na kipindupindu hakihitaji mwaliko. Msongamano wa kijijini haukuisha ulipopanda matatu. Umeufuata mjini, na huko unaulipia kodi kila mwezi. Pamoja na hayo mji una kitu ambacho shamba letu halina: kibarua cha leo kinacholipwa leo, na shule ya ufundi unayoweza kwenda jioni. Kisumu ina faida ya kuwa karibu. Ukifanya kazi kule unaweza kufika Chavakali Jumamosi na jembe ukalishika. Kutoka Nakuru nauli inakula nusu ya ulichotaka kupeleka nyumbani.

*Makaratasi.* Mahakama inaweza kuthibitisha mirathi kwa hisa, hati moja ikaandikwa majina yote na sehemu ya kila mmoja. Mtu akifariki, hisa yake inaenda kwa warithi wake. Ni nafuu kuliko kupima vipande vinne. Lakini hakuna anayeweza kuuza hisa yake au kuchukua mkopo juu ya hati bila wengine kuridhia, na hilo humkera mwenye shida ya haraka.

*Watu.* Hii inahitaji kuaminiana, na kuaminiana kunahitaji maandishi. Nani analima, analipa nini kwa wengine, avokado ni za nani, kijana akitaka kujenga anajenga wapi. Kimila mwana anatarajiwa kuwa na boma lake, na kwa majirani zetu Waluo kuanzisha dala, yaani boma jipya, ni jambo zito. Tulikubaliana nyumba zote zikae upande wa juu, mstari mmoja kando ya barabara, na chini kubaki shamba. Kaka alisema tunamfanya aishi kama mpangaji kwa baba yake. Maneno hayo yaliniuma, na bado sidhani alikosea.

*Miaka 25 ijayo.* Hati ya majina manne itakuwa ya majina kumi na mawili. Binamu wasiojuana hawaketi chini ya mti mmoja kwa urahisi. Lakini shamba lenyewe litakuwa bado lipo, na lililogawanywa haliunganishwi tena.

*Inamfaa nani.* Familia yenye mtu mmoja aliye tayari kulima na wengine wenye kazi kweli, si matumaini ya kazi. Pia familia yenye mama aliye hai, ambaye kwa sheria ana haki ya kuishi na kulitumia shamba maisha yake yote.

Kwa hali yenu

Mkiwa na chini ya nusu eka kwa watoto watatu au zaidi, kugawa kama shamba kumekwisha, mnagawana makao. Lihesabuni hivyo, mjadili nani atapata kipato wapi.

Mkiwa na eka mbili au tatu na mmoja wenu ana moyo wa kilimo cha mahindi, anaweza kununuliwa na ndugu zake sehemu yake, akaenda Trans Nzoia na pesa mkononi, na waliobaki wakapata nafasi. Hili hatukulifikiria mapema. Ni njia mbili zilizoshikana mikono.

Ugomvi ukiwa umeshatoa damu, gaweni, hata kama kilimo kitaumia.

Dada akiwa nyumbani na watoto, msifanye lolote kabla sehemu yake haijaandikwa.

Mzazi akiwa hai, atembee mipaka na watoto wote, wa kike na wa kiume, na aandike wosia mbele ya mashahidi wawili. Ni kazi ya siku moja.

Na kama hamjaafikiana, msiweke bikoni wala msipokee malipo ya kwanza ya mnunuzi. Mpeni mmoja alilime msimu huu kwa masharti yaliyoandikwa, mrudi kukaa baada ya mavuno. Sisi tulirudi mara tatu. Mara ya tatu kitindamimba, ambaye alikuwa amemaliza shule, ndiye aliyeshika kalamu: sehemu ya kaka ikakatwa juu barabarani, kaburi na nyumba ya mama zikabaki, na kilichosalia kikaandikwa kwa hisa tatu, dada akiwa mlimaji.